Sifuri Mbili

Majaribio mia mbili na kumi na manne, yote kijani.
Kisha ripoti ikasema: sifuri.
Hakuna mstari hata mmoja ulioguswa.
Eerika akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta,
akaivaa tena.
Sifuri ilikuwa palepale, mviringo, imeshiba.

Ilikuwa Ijumaa mjini Tartu, saa tisa, giza linabisha.
Theluji iliyoanguka Jumanne imeshakuwa kioo,
na watu walipita dirishani kwa hatua za bata.
Wodi ya watoto njiti, ng'ambo ya mto,
ilikuwa inaisubiri programu yetu Jumatatu:
muuguzi aandike uzito, skrini imwambie dawa.

Katika kazi hii mstari uliojaribiwa
husemwa umefunikwa.
Sijawahi kulizoea neno hilo.
Kwangu umefunuliwa: umevuliwa koti,
umesimamishwa kwenye mwanga, umeulizwa jina.
Ambao haujaguswa ndio uliojifunika gubigubi.

Hillar, mdomo umejaa mkate mweusi:
"Futa vyote, jenga upya."
Akafuta, akajenga. Sifuri.
"Zima mashine, washa."
Sifuri.
"Basi shusha kiwango. Weka kumi badala ya themanini,
ipite, twende zetu."

Hilo hakulijibu.
Aliinama kwenye kumbukumbu za seva
kama mtu anayechambua mchele wenye mawe,
mstari, mstari, mstari,
chai ikaota ngozi pembeni yake.

Saa kumi na moja na robo akacheka peke yake.
Folda yetu inaitwa *mõõt*, maana yake kipimo.
Ile õ, kwenye kompyuta yake, ni vitu viwili:
o, na kiwimbi kilichopandishwa juu yake.
Kwenye seva ni herufi moja, imezaliwa hivyo.
Jicho halioni tofauti. Mashine haioni kufanana.
Mpimaji alikwenda na anwani mkononi,
akabisha hodi kwenye nyumba isiyokuwepo,
akarudi akaandika kwa uaminifu wote:
sikukuta mtu.

Akabadilisha jina: *moot*, bila kilemba.
Akaendesha upya.
Tisini na moja.
Hillar akapiga meza, akavaa koti, akavaa kofia,
akaanza kutafuta glavu yake ya kushoto.

Eerika hakuinuka.
Alikuwa anateremka ripoti polepole
kuelekea palipobaki wekundu,
akasimama kwenye mstari wa mia tatu arobaini na saba:
*kama uzito ni chini ya gramu elfu moja.*

Mstari huo niliuandika mimi.
Oktoba, usiku, nikiwahi basi la mwisho.
Nilijua kabla hajaugusa. Hapana, sikujua;
tumbo lilijua.

Akaandika jaribio fupi, mistari mitano.
Mtoto wa gramu mia sita na arobaini.
Hakumpa jina, ila vidole vyake
vilipunguza kishindo kwenye vitufe.

Mia sita arobaini, gawanya kwa elfu,
namba kamili tu, mabaki yatupwe:
ndivyo nilivyoiamuru, ndivyo ilivyotii.
Dawa ya mtoto huyo: sifuri.

Sifuri ya mchana ilikuwa uongo wa anwani.
Hii ilikuwa kweli, na ilikuwa yangu.

Jaribio likawa jekundu, la kwanza siku ile,
na sijui kwa nini sote watatu tulishusha pumzi
kama watu walioambiwa habari njema.
Hillar akavua kofia. Akavua koti.
Akaenda kujaza birika.

Hakuna aliyenilaumu. Eerika alinisogezea kibodi tu,
na kiti chake kilikuwa bado kina joto.
Nilirekebisha: desimali ikarudi mahali pake.
Kijani.
Tisini na mbili.

Zile nane amezinakili kwa penseli
nyuma ya risiti ya mkate,
akaibandika ukingoni mwa skrini yangu.
Kesho Jumamosi.
Nitakuja na thermosi.